KUVU: ADUI ALIYEJIFICHA CHUMBANI MWA MTOTO WA NYUKI NA NYIGU



Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, tulipokuwa tukisafisha darasa kabla ya Ramadhani, vijana walibandua ukutani vijumba vya udongo vya nyigu. Katika kimoja tulikuta buu mnene, mzima, akila buibui aliowekewa na mama yake. Katika cha pili buibui walikuwamo, lakini wamefunikwa na manyoya meupe ya kuvu, na buu amekufa. Mwanafunzi mmoja akauliza: "Ustadh, mbona huyu amekufa na jirani yake yu hai?" Swali hilo ndilo lililozaa makala haya.

Nyuki wasio na mzinga

Sote tunaisoma Suratun Nahl, na tukisikia neno nyuki tunafikiria mzinga na asali. Lakini duniani kuna aina zaidi ya 20,000 za nyuki, na nyingi kati yake haziishi mzingani. Kila jike hujenga peke yake, ardhini, katika tundu la mti au ndani ya mwanzi. Hutenga vyumba vidogo, na katika kila chumba huweka chakula cha chavua na maji matamu ya maua, hutaga yai moja, hufunga mlango na kuondoka. Nyigu wengi hufanya vivyo hivyo, ila wao huweka wadudu au buibui.

Hapo ndipo hatari ilipo. Chumba kimefungwa, kina joto na unyevu, na kimejaa chakula. Kuvu haihitaji zaidi ya hayo. Ama hukioza chakula mtoto akafa njaa, ama humshambulia mtoto mwenyewe.

Ugonjwa wa chokaa

Mfano unaojulikana sana ni wa nyuki mkata majani, Megachile rotundata, anayefugwa Marekani na Kanada ili achavushe maua ya alfalfa, majani ya kulishia mifugo. Tangu miaka ya 1970 nyuki hao wamekuwa wakisumbuliwa na kuvu iitwayo Ascosphaera aggregata. Mbegu zake ni ndogo mno, hazionekani kwa macho. Buu huzimeza pamoja na chavua, zikachipua tumboni na kuenea mwilini. Buu hufa na kukauka, akawa mgumu kama kipande cha chaki, na chini ya ngozi yake hujaa mbegu mpya.

Nyuki wa mzingani akifa kwa ugonjwa kama huo, ndugu zake humtoa nje. Huyu mpweke hana wa kumtoa. Vyumba vimepangwa mstari mmoja ndani ya tundu, hivyo nyuki mzima aliye nyuma hulazimika kutafuna njia kupitia maiti ya nduguye. Hutoka amejaa vumbi la mbegu, naye akienda kujenga huzipeleka kwa watoto wake mwenyewe. Kwa sababu ya hasara hiyo, wakulima wengi wa Marekani hununua nyuki kutoka Kanada, ambako wafugaji huvitoa vyumba kwenye mbao, huvichekecha na kuvisafisha kwa dawa.

Nyigu na dawa yake

Sasa mtazame nyigu Philanthus triangulum, anayepatikana Ulaya na Afrika. Huyu huwinda nyuki wa asali, huwapooza kwa mwiba na kuwaweka shimoni kwa ajili ya mtoto wake. Kinga yake ni ya hatua tatu.

Kwanza, mama huwapaka nyuki hao mafuta yatokayo kichwani mwake. Maji hayatulii juu yao, na kuvu huchelewa kuota. Pili, yai lenyewe hutoa gesi ya nitriki oksidi inayoua kuvu, jambo lililotangazwa na wataalamu mwaka 2019. Tatu, mama hubeba katika vipapasio vyake bakteria wa jamii ya Streptomyces. Huwapaka kwenye dari ya chumba, na buu huwachukua na kuwachanganya katika nyuzi za kifukofuko chake. Bakteria hao hutengeneza dawa za kuua vijidudu. Mwaka 2005 watafiti wa Ujerumani walionesha kwamba mabuu walionyimwa bakteria hao karibu wote walikufa, na wengi wa waliopewa walisalimika. Jamii hiyo hiyo ya bakteria ndiyo iliyowapa wanadamu streptomaisini, dawa ya kifua kikuu, mwaka 1943.

Funzo kwetu

Mdudu anajua kuwa chakula chenye unyevu ni hatari. Je, sisi? Mwaka 2004 nchini Kenya watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki kwa sumu ya aflatoksini, baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu. Basi, wazazi, tuyakaushe mahindi na karanga vizuri kabla ya kutia ghalani, na yaliyoota kuvu tusiyale.

Nanyi wanafunzi, mkiona jani limekatwa duara safi pembeni, au kijumba cha udongo kisichomdhuru mtu, kiacheni. Humo yumo mtoto aliyeachiwa riziki yake, na adui alionao wanamtosha.

Wabillahi tawfiq.