Kutoka Kakamega Hadi Mombasa, na Kurudi

Hapo kale misafara ya wafanya biashara wa pwani ilifika Mumias, kwa Nabongo Mumia, baada ya kutembea kwa miguu miezi mingi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, na safari ya miezi ikawa ya siku chache. Leo mtu wa Kakamega aweza kulala njiani usiku mmoja tu, akaamka akiona minazi. Walakini wako wengi wanaopoteza nauli zao kwa kutojua mambo machache, na hayo ndiyo tunayotaka kuyaeleza.

Njia iliyo rahisi kuifahamu ni basi. Yako mabasi yaondokayo Kakamega na kwenda moja kwa moja hadi Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 800. Msafiri hupanda mara moja, na gunia lake la mahindi hukaa chini ya gari mpaka mwisho. Kwa mtu mmoja mwenye nguvu na mzigo mwingi, twaona ndiyo njia ifaayo. Lakini kwa mzee, au mama mwenye watoto wadogo, kuketi usiku kucha ni taabu kubwa. Tena ajali nyingi mbaya zimetokea usiku katika barabara zetu. Sheria yakataza dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa nane katika muda wa saa ishirini na nne, kwa hiyo safari ndefu namna hii yahitaji dereva wa pili. Abiria ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa: dereva wa pili yuko wapi? Akijibiwa kwa matusi, na atafute basi jingine.

Njia ya pili ni kwenda Nairobi kwa basi au matatu, kisha kupanda gari la moshi. (Jina hilo limebaki, ingawa makaa ya mawe yalikwisha zamani.) Reli mpya kati ya Nairobi na Mombasa ilianza kuchukua abiria mwaka 2017, na safari huchukua saa tano au sita hivi. Hapa ndipo wengi hukosea. Basi la kutoka Kakamega humshusha mtu katikati ya mji, naye hudhani kwamba stesheni iko karibu. Stesheni ya reli mpya iko Syokimau, nje ya mji, na barabara ya kwenda huko hujaa magari asubuhi na jioni. Gari la moshi halimngojei mtu. Liko gari dogo la reli litokalo stesheni ya zamani ya mjini kwenda kuungana na lile kubwa, na hilo halizuiwi na msongamano. Afadhali kufika Nairobi mchana, kulala kwa ndugu, na kuondoka kesho yake.

Tikiti hununuliwa mapema, hata kwa simu, na kitambulisho lazima kiwe mkononi. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu halipiwi, na aliye chini ya kumi na miwili hulipiwa nusu. Mizigo yote hukaguliwa. Panga, visu na mafuta ya taa havipiti. Wala kuku hai, jambo ambalo tunajua litawasikitisha wasomaji wetu. Aendaye Voi au Mtito Andei na aulize gari lisimamalo katika stesheni ndogo, maana yale ya mbio huzipita.

Gari la moshi hukoma Miritini, bara, nawe watafuta matatu ya kuingia kisiwani. Aendaye Ukunda au Msambweni aweza kupitia barabara ya Dongo Kundu bila kuingia mjini, au kuvuka Likoni kwa feri. Aendaye kwa miguu havukishwi kwa malipo. Atakayekudai senti ni mwongo. Ukiona feri imejaa, ngoja ya pili. Tarehe 29 Aprili 1994 feri iitwayo Mtongwe ilizama katika kivuko cha Mtongwe, na watu zaidi ya 270 walikufa.

Kuondoka Mombasa hakuna shida katika miezi mingi ya mwaka. Mwezi wa Desemba mambo hugeuka. Watu wote wa Magharibi waliotafuta kazi pwani hutaka kuwa nyumbani kabla ya Krismasi, tikiti za reli huisha, na nauli za mabasi hupanda siku hadi siku. Mwenye watoto wanne aliyeweka akiba ya nauli ya Novemba huona haitoshi hata watu watatu. Uliza mapema siku ambayo tikiti za reli hufunguliwa, ununue asubuhi ile ile ya kwanza, na nauli ya kutoka Nairobi hadi Kakamega uiweke kando, usiiguse.