Barua ya Benki Ipelekwe na Nani?

Kwenye ukaguzi wa hesabu kuna kazi inayodharauliwa hadi huachiwa vijana walioajiriwa juzi: kuiuliza benki salio la mteja. Kampuni ikisema ina fedha benki, mkaguzi hatosheki na taarifa aliyoletewa na mhasibu wake. Huiandikia benki, barua huituma yeye, na jibu hulipokea yeye. Mteja hutia saini ya kuiruhusu benki itoe taarifa, basi.

Mwishoni mwa 2002, wakaguzi wa Bonlat, kampuni tanzu ya Parmalat ya Italia iliyosajiliwa Visiwa vya Cayman, waliipitisha barua hiyo kwa Parmalat yenyewe. Jibu likaja na nembo ya Bank of America, likithibitisha zaidi ya euro bilioni 3.9. Desemba 2003 benki ikatangaza kwamba akaunti hiyo haipo na kwamba waraka ule ni wa kughushi. Parmalat ikafilisika mwezi huohuo.

Sheria ya Italia ililazimisha kampuni kubadili mkaguzi baada ya miaka 9, na Parmalat ilibadili. Mwaka 1999 Deloitte ikachukua ukaguzi wa kundi zima, ila Grant Thornton, mkaguzi wa awali, ikabakizwa kwenye baadhi ya kampuni tanzu, Bonlat ikiwamo. Kisheria, hapakuwa na la kulalamikia.

Kimaadili, taasisi za wahasibu kama NBAA ya Tanzania na ICPAK ya Kenya huwadai wanachama wao uadilifu, kutopendelea, umahiri, usiri na mwenendo mwema. Wanafunzi huyakariri haya kwa ajili ya mtihani. Lakini anayelipa ada ni huyohuyo anayekaguliwa, na mkishazoeana miaka kadhaa, akisema "lete hiyo barua, dereva wetu anapita benki," kumkatalia ni kama kumwita mwizi. Kwa maoni yangu, haya ya namna hiyo imeharibu kaguzi nyingi kuliko hongo (na hongo haina uhaba).

Wala Parmalat haikutosha kuwa funzo. Wirecard ya Ujerumani ilidai ina euro bilioni 1.9 zinazotunzwa na wadhamini ng'ambo, na kwa miaka kadhaa wakaguzi wake, EY, walitegemea nyaraka za wadhamini hao. Juni 2020 benki mbili za Ufilipino zilizotajwa kuwa na fedha hizo zilisema Wirecard si mteja wao.