Gari Lililojua Linapimwa

Tuzo ya Marekani ya gari linalotunza mazingira kwa mwaka 2009 ilikwenda kwa Volkswagen Jetta TDI, gari dogo la dizeli. Siku zile nilikuwa fundi kijana Gerezani, Kariakoo, nashinda chini ya magari ya dizeli, na habari kwamba Wajerumani wamepata dizeli safi niliipokea kwa furaha. Dizeli inavuta, inadumu, haili mafuta sana. Ubaya wake mkubwa ni kile kinachotoka nyuma, na sasa tuliambiwa kimepatiwa dawa.

Tarehe 18 Septemba 2015 Serikali ya Marekani ikatangaza kwamba dawa yenyewe ilikuwa inafanya kazi siku ya kipimo tu. Ndani ya kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, kulikuwa na programu ya kutambua kama gari linapimwa. Siku chache baadaye Volkswagen ikakiri kwamba injini za aina hiyo zilikuwa kwenye magari yapatayo milioni 11 duniani kote. Mkurugenzi mkuu, Martin Winterkorn, akajiuzulu hata kabla ya wiki kwisha.

Leo nafundisha vijana ufundi wa magari, na tukifika kwenye mfumo wa moshi, hiki ndicho kisa ninachowapa. Swali lao la kwanza huwa lilelile: kwani Wajerumani walishindwa kutengeneza dizeli safi? Hawakushindwa. Hapo ndipo uchungu ulipo. Vifaa vya kusafisha vilikuwemo ndani ya gari, na kwenye maabara vilisafisha kweli. Mtu aliamua visifanye kazi hiyo barabarani.

Gari linapopimwa moshi maabara haliendi popote. Linapandishwa kwenye rola, matairi yanazunguka palepale, na dereva anafuata mwendo uliopangwa sekunde kwa sekunde: ongeza, punguza, simama, ondoka. Usukani hauguswi. Programu ya Volkswagen ilikuwa inalinganisha mwendo na ratiba ya kipimo, na inaangalia usukani umekaa namna gani. Mambo yakilingana, mfumo wote wa kusafisha unaamshwa. Gari likishuka kwenye rola na kuingia barabarani, mfumo unalegezwa. Ni mgahawa unaosugua masufuria pale tu bwana afya anapoingia.

Hapa nisimame kidogo, maana wengi tunaamini kwamba gari chafu ni lile linalotema moshi mweusi. Masizi ni sumu, hilo halina ubishi. Lakini uchafu uliofichwa na Volkswagen hauonekani kwa macho. Ni oksidi za nitrojeni. Zinapatikana injini inapochoma kwa joto kali mno, kiasi kwamba nitrojeni iliyomo kwenye hewa ya kawaida inaungana na oksijeni. Zinachoma mirija ya mapafu, zinaamsha pumu, na zikipigwa na jua pamoja na mvuke wa mafuta zinazaa ozoni hapa chini tunapovuta pumzi. Mwanasayansi Arie Haagen-Smit alikwishaeleza jambo hilo Los Angeles miaka ya 1950, kwa hiyo hakuna mtengenezaji wa magari aliyeweza kusema hajui.

Waliomkamata Volkswagen hawakuwa hata wanamtafuta. Shirika moja la utafiti wa usafiri safi lilitaka kuwaonyesha watu wa Ulaya kwamba dizeli zinazouzwa Marekani, kwenye sheria kali zaidi, ni safi hata barabarani. Likawapa kazi watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia. Wakafunga mashine ya kupimia kwenye buti, na jenereta yake, na mpira uliovishwa kwenye eksozi, kisha wakaendesha. Passat moja waliiendesha kutoka Los Angeles hadi Seattle na kurudi. Jetta waliyoipima ikatoa oksidi za nitrojeni mara 15 hadi 35 ya kiwango cha sheria, na Passat mara 5 hadi 20. Gari la tatu, BMW X5, kwa sehemu kubwa lilikaa ndani ya kiwango. Nawaomba vijana wangu waliandike hilo la tatu kwa wino mzito. Dizeli safi iliwezekana, katika miaka ileile na kwenye barabara zilezile.

Sasa kwa nini aliyeweza asifanye? Jibu moja lilitoka Brussels, na kwangu mimi lina uzito kuliko hata ule udanganyifu wa programu, ingawa magazeti yetu hayakuligusa sana.

Dizeli za kisasa husafishwa kwa maji ya urea yanayoitwa AdBlue. Yanapuliziwa kwenye bomba la moshi, joto linayageuza kuwa amonia, na amonia inazivunja oksidi za nitrojeni ziwe nitrojeni na mvuke wa maji. Ni kemia nzuri kweli. Ila maji hayo yanaisha, kwa hiyo gari linahitaji tangi la pili. Tangi kubwa linakula nafasi ya buti na kuongeza gharama. Tangi dogo linamlazimu mwenye gari kujaza mara kwa mara, au kontrol boksi ipunguze dozi. Mwezi Julai 2021 Tume ya Ulaya iliamua kwamba Daimler, BMW na kundi la Volkswagen, pamoja na Audi na Porsche zilizomo ndani yake, walikuwa wakikutana kati ya mwaka 2009 na 2014 na kuelewana kuhusu ukubwa wa matangi hayo. Walielewana pia kwamba hakuna atakayesafisha kupita kiwango cha sheria, ingawa uwezo wa kupita walikuwa nao. Volkswagen na BMW wakatozwa faini ya jumla ya yuro milioni 875. Daimler hakutozwa kitu kwa sababu ndiye aliyetoboa siri.

Tume haikusema kwamba vikao hivyo vilikuwa vya kupanga udanganyifu wa vipimo. Ilisema walikubaliana kutoshindana katika usafi. Na BMW huyo aliyetozwa faini ndiye ambaye X5 yake ilifaulu kule California. Kwa mtu wa fani yangu hilo linauma. Wahandisi wa kampuni hizo ni watu ambao kazi zao nazifungua mezani kwa heshima. Walikuwa tayari kukimbizana kama wanavyokimbizana kwenye nguvu za farasi, na wakubwa wao wakawaambia mwisho wa mbio ni hapa.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Januari 1969 Wizara ya Sheria ya Marekani iliwashitaki General Motors, Ford, Chrysler na American Motors kwa madai kwamba tangu miaka ya 1950 walikuwa wameshikana mikono kuchelewesha vifaa vya kupunguza moshi. Kesi iliishia kwenye makubaliano mwaka huohuo, bila kampuni kukiri kosa. Mwaka uliofuata sheria ya hewa safi ikadai uchafu wa magari mapya ushuke kwa asilimia 90 kufikia mwaka 1975. Viwanda vya Detroit vikalia kwamba haiwezekani. Honda, iliyokuwa inajulikana zaidi kwa pikipiki, ikaleta injini ya CVCC iliyofikia kiwango hicho bila hata masega, kile kifaa cha kauri kinachosafisha moshi ndani ya eksozi. Na wale waliolia, magari yao mengi ya mwaka 1975 yakatoka kiwandani yakiwa na masega.

Gari la umeme nalo lina kisa chake. California iliagiza mwaka 1990 kwamba ifikapo 1998 asilimia 2 ya magari ya kampuni kubwa yawe hayatoi moshi kabisa. General Motors ikaunda EV1, gari la umeme lililopendwa na waliolitumia, ikayatengeneza 1,117 kati ya 1996 na 1999, ikayakodisha bila kuyauza. Wakati huohuo viwanda viliendelea kupigana na agizo lile, hadi mahakamani. Agizo lilipolegezwa, EV1 zikakusanywa na nyingi zikasagwa. Kulikuwa na wateja waliotaka kuzinunua.

Ndiyo maana nikisikia tangazo la mwaka fulani wa kuacha mafuta, naliweka pembeni kwanza. Mwaka 2019 General Motors, Toyota na Fiat Chrysler waliungana na Serikali ya Trump dhidi ya sheria za moshi za California, wakati Ford, Honda, BMW na Volkswagen waliridhiana na California. Novemba 2020, Trump akiwa ameshindwa uchaguzi, General Motors ikajitoa upande wake. Miezi miwili baadaye ikatangaza nia ya kuacha kuuza magari madogo yanayotoa moshi ifikapo 2035. Mercedes-Benz ilirudi nyuma kwenye lengo lake la umeme mwaka 2024, na Volvo pia. Soko la umeme lina ugumu wake wa kweli, bei na vituo vya kuchajia, na sidhani kwamba kila anayerudi nyuma ana nia mbaya. Lakini Norway, ambako serikali imeshikilia msimamo mmoja wa kodi kwa miaka mingi, karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa mwaka 2024 yalikuwa ya umeme, mengi yakiwa ya kampuni hizihizi.

Sisi tunapokea mwisho wa mnyororo. Matumizi ya madini ya risasi kwenye petroli yaligunduliwa na Thomas Midgley mwaka 1921 katika maabara ya General Motors, na nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa 2006. Kabla ya hapo, gari lenye masega likija Dar es Salaam risasi iliyaua. Kisha lori la Hino, ambalo kila mtu Tanzania na Kenya analijua, linalobeba saruji na mchanga: mwaka 2022 kampuni yenyewe ilikiri kwamba takwimu za moshi na mafuta za injini zake zilighushiwa, na uchunguzi ukaonyesha mchezo ulianza tangu angalau 2003. Januari 2025 ilikubali kulipa dola bilioni 1.6 huko Marekani. Hewa yetu inayochafuliwa na injini za namna hiyo haikutajwa kwenye hesabu ya faini.

Na magari ya mtumba. Wakaguzi wa Uholanzi walipoyachunguza magari yanayosubiri meli za kuja Afrika, walikuta mengi hayana cheti halali cha ukaguzi, na mengine yameshang'olewa masega kwa ajili ya platini na paladi iliyomo. Hapa kwetu kazi hiyo inafanyika mchana kweupe. Anakuja mtu na gari zima, anataka masega yatolewe ayauze, na taa ya injini izimwe kwa kuingia kwenye kontrol boksi. Namkatalia, na namweleza sababu: anachoniomba ni kilekile kilichofanyika Ujerumani, tofauti ni kwamba yeye atakipumua mwenyewe kwenye foleni ya Ubungo pamoja na watoto wake.

Kwa anayenunua gari la petroli, kupima ni kazi ya dakika chache. Mwombe fundi aunganishe mashine ya kusoma gari, kisha injini ikishapata moto aangalie sensa mbili za oksijeni, ya kabla ya masega na ya baada. Ya kwanza inapaswa kupanda na kushuka haraka haraka, ya pili itulie. Zikicheza sawasawa, masega yamekufa au hayamo. Ila kabla injini haijawashwa, kopo la masega likiwa bado la baridi, ligonge kwa ngumi: likilia kama debe tupu, limechokolewa, likichakacha, kauri ya ndani imevunjika. Fanya hivyo kabla ya kulipa, na muuzaji akikataa gari lisiunganishwe na mashine, hilo nalo ni jibu.