Sikio na Jicho Mbele ya Traviata ya Salzburg

Tarehe 6 Machi 1853, katika jumba la La Fenice mjini Venice, watazamaji walicheka mahali ambapo Giuseppe Verdi alitaka walie. Opera yake mpya, La traviata, ilimhusu Violetta, mwanamke wa starehe wa Paris anayekufa kwa kifua kikuu. Aliyepewa nafasi hiyo, Fanny Salvini-Donatelli, alikuwa mwanamke mnene mwenye siha njema, na watu hawakukubali kwamba mauti yamemkaribia. Jambo linalosahaulika ni kwamba usiku uleule alishangiliwa kwa jinsi alivyoimba tendo la kwanza. Masikio yalimkubali, macho yakamkataa.

Ugomvi huo umekua tangu opera ilipoanza kurekodiwa kwa kamera. Leo wengi wetu tunakutana nayo kwenye televisheni au simu, na tukishamaliza kutazama tunasema "imependeza" au "haikunigusa" bila kutenga kilichotugusa: ni sauti, au ni picha? Naona kutenga huko ni lazima, na hakuna rekodi inayofundisha hilo vizuri kuliko Traviata ya tamasha la Salzburg, Austria, ya mwaka 2005. Willy Decker aliongoza jukwaa, Carlo Rizzi akaongoza okestra ya Vienna Philharmonic, Anna Netrebko akawa Violetta, Rolando Villazón akawa Alfredo mpenzi wake, na Thomas Hampson akawa Germont, baba yake Alfredo. Upigaji picha ulisimamiwa na Brian Large.

Tuanze na sikio. Mwimbaji wa opera ukumbini kwa kawaida haimbi kwa kipaza sauti. Anaishinda okestra nzima kwa mwili wake tu, na fizikia ya jambo hilo inaeleweka. Nguvu kubwa ya sauti ya okestra iko chini, karibu na hezi 500, kisha inapungua kadiri unavyopanda. Mtafiti wa Sweden, Johan Sundberg, alionyesha kwamba waimbaji wa kiume waliofunzwa hukusanya nguvu ya sauti zao karibu na hezi 3,000, mahali ambapo okestra ni dhaifu. Ndiyo maana mtu mmoja anasikika mpaka viti vya nyuma kabisa.

Katika rekodi, pambano hilo linatoweka. Vipaza sauti vimewekwa jukwaani na juu ya okestra, na fundi sauti ana uwezo wa kumpandisha mwimbaji na kuwashusha wapiga tarumbeta kwa kidole kimoja. Sauti ndogo na sauti kubwa hutoka sawa kwenye spika zako. Kwa hiyo mtu akikuambia, baada ya kutazama filamu, kwamba fulani ana sauti kubwa ya ajabu, usimwamini. Ukubwa wa sauti hupimwa ukumbini.

Yanayobaki ni mengi, tena ndiyo yenye thamani. Unaweza kusikia kama noti zimeunganishwa kwa pumzi moja isiyotikisika au zimekatwakatwa. Unaweza kusikia kama mwimbaji anafika juu ya noti au anaikaribia kwa chini, kama maneno ya Kiitaliano yanatamkwa au yamemezwa, na kama rangi ya sauti inabadilika pale moyo wa mhusika unapobadilika. Violetta ni mtihani mgumu hasa kwa sababu Verdi anamdai mambo tofauti kila tendo: wepesi wa kupanda na kushuka noti za kasi katika la kwanza, upana na joto katika la pili, unyonge unaosikika lakini usiokatika katika la tatu. Na kuna noti moja ya juu sana ambayo masoprano wengi huipachika mwishoni mwa tendo la kwanza. Verdi hakuiandika. Watu humhukumu mwimbaji kwa noti hiyo, na kwa maoni yangu ni dhuluma.

Netrebko, ukifumba macho, ana kasoro katika tendo la kwanza. Ngazi za kasi hazitoki safi. Noti mbili tatu zinateleza na kuingiliana. Villazón anaimba kwa moto mwingi, lakini mara kwa mara anaisukuma sauti kuliko inavyotaka kwenda. Hampson ana akili ya maneno, ila sauti yake ni nyepesi kwa Germont. Nafasi hii inahitaji baritoni mwenye uzito wa mzee anayebomoa maisha ya mtu kwa upole.

Sasa fumbua macho. Decker ameondoa kila kitu kinachokumbusha Paris ya karne ya 19. Kuna ukuta mweupe uliopinda, saa kubwa, makochi, na Violetta katika gauni jekundu la kisasa. Kwaya nzima, wanaume kwa wanawake, wamevaa suti nyeusi za kiume, hata yule mwanamke anaonekana amezungukwa na ukuta wa watu. Dakta Grenvil, ambaye kwenye maandishi ana mistari michache tu, hapa anakaa jukwaani tangu muziki wa utangulizi, mzee mwenye mvi anayemngoja. Huhitaji kuelezwa kwamba ndiye mauti.

Wapo waliokasirika, wakisema huyu si Verdi. Wanasahau kwamba Verdi mwenyewe alitaka mavazi ya wakati wake, na ni wakuu wa Venice waliolazimisha hadithi irudishwe nyuma hadi karibu mwaka 1700. Lakini swali la mavazi ni dogo. Swali ninalolipa uzito ni hili: alichobuni mwongozaji kinamfanya mwimbaji aimbe vipi?

Tazama mwanzo wa tendo la pili. Kwenye maandishi ya Francesco Maria Piave, Alfredo yuko peke yake, akisimulia furaha ya miezi mitatu aliyokaa na Violetta shambani. Waimbaji wengi husimama katikati ya jukwaa na kuwaimbia watazamaji. Decker amemleta Violetta palepale. Makochi yamefunikwa vitambaa vya maua, na wawili hao wanacheza kujificha wakati wimbo unaendelea. Maandishi yamevunjwa, hilo halina ubishi. Lakini sikiliza kinachotokea kwa Villazón: mistari ambayo ingekuwa taarifa inageuka mazungumzo, sauti inalainika mwisho wa sentensi kwa sababu kuna mtu wa kuipokea. Analipa kwa pumzi, maana anakimbia huku akiimba, na mara moja mbili utasikia sentensi ikifupishwa. Naona bei hiyo ilistahili kulipwa. Baadaye vitambaa vile vya maua vinapoondolewa, ile furaha tuliyoiona kwa macho ndiyo inayoporwa.

Kinyume chake ni mazungumzo ya Violetta na Germont. Hapo kuna sehemu ambapo Violetta anakubali ombi la Germont la kumwacha Alfredo: anashika noti moja, okestra ikiwa karibu kunyamaza, kisha anaanza wimbo mpole sana. Noti ile ndiyo uamuzi wenyewe. Jukwaa likifanya jambo lolote kubwa pale, linaharibu. Netrebko anaiimba kwa sauti ndogo iliyoshikwa vizuri, na Large anamwacha ndani ya picha bila kuhamahama. Hapa uimbaji, jukwaa na kamera vimekubaliana.

Kamera nayo ni mwongozaji wa tatu, na watazamaji wengi hawaihesabu. Ukumbini unachagua mwenyewe pa kutazama. Kwenye filamu umechaguliwa. Yule mzee wa mvi anayesubiri pembeni, kwa mfano, mara nyingine hayupo kwenye fremu, na anayetazama nyumbani hupoteza nusu ya wazo la Decker. Picha ya karibu pia humwonea mwimbaji. Watu hukerwa na mdomo uliopanuka wa soprano. Sundberg alieleza sababu: soprano akipanda, hufungua taya zaidi ili mwangwi wa kinywa ulingane na noti anayoimba. Anayefunga mdomo apate sura nzuri kwenye kamera anapoteza sauti.

Usichanganye rekodi ya jukwaani na filamu kama ile ya Franco Zeffirelli ya mwaka 1982, yenye Teresa Stratas na Plácido Domingo. Kule sauti ilirekodiwa kwanza, kisha waigizaji wakafuatisha midomo. Picha ni za fahari, lakini jasho unaloliona na pumzi unayoisikia havikutokea pamoja, kwa hiyo huwezi kupima jinsi mwendo ulivyoathiri uimbaji.

Na upo mfano wa upande wa pili kabisa. Mei 1955, huko La Scala, Milan, Maria Callas aliimba Violetta chini ya uongozaji wa Luchino Visconti, Carlo Maria Giulini akiongoza okestra. Filamu ya onyesho hilo hatuna. Tuna sauti na picha za mnato. Bado, katika barua ya tendo la tatu, ambayo Violetta anaisoma kwa sauti ya kawaida bila kuimba, unamwona mgonjwa kabisa. Salvini-Donatelli hakuwahi kupewa nafasi ya kupimwa hivyo.

Hukumu yangu juu ya Salzburg ni hii: jukwaa la Decker linauzidi uimbaji katika tendo la kwanza, vinalingana katika la pili, na katika la tatu Netrebko anafikia kiwango ambacho sioni cha kulalamikia. Anayetaka kuisikia Traviata tu, atafute rekodi ya Callas. Anayetaka kuelewa kwa nini opera huwekwa jukwaani, atazame hii ya 2005, na alisikilize tendo la pili kwanza, skrini ikiwa imezimwa.