Kuzibua Mrija wa Nyongo Bila ya Kupasua Tumbo

Nyongo, ambayo ini huitoa kadiri ya nusu lita hadi lita moja kila siku, huteremka kwa mrija ambao upana wake aghalabu haupiti milimita 6 au 7, ukapenya kichwa cha kongosho na kufungukia mwanzoni mwa utumbo mwembamba, kwenye chuchu ndogo inayobanwa na msuli. Mrija huo ukizibwa na kijiwe kilichoponyoka kifukoni mwa nyongo, au na saratani, au hata na mchango aliyepanda kutoka utumboni, kama matabibu wa Kashmir walivyoona mara nyingi, macho ya mgonjwa huwa manjano, mkojo hukoza kama chai ya mkandaa, choo hupauka, na mwili humwasha. Na homa na maumivu chini ya mbavu za kulia yakiandamana na umanjano huo, yamkini maambukizo yamekwisha kuingia mrijani, wala kungoja si busara.

Zamani dawa ilikuwa kisu. Mwaka 1968, mjini Washington, daktari William McCune na wenziwe walifaulu kupitisha endoskopu, yaani bomba jembamba lenye jicho la kutazamia, kinywani hadi kwenye chuchu ile, wakatia humo dawa inayoonekana kwa eksirei. Na mwaka 1974 madaktari Classen na Demling kule Erlangen, Ujerumani, na Kawai kule Kyoto, Japani, kila upande kwa jitihada yake, wakaukata msuli kwa waya wenye umeme, vijiwe vikapata mlango. Endoskopu hiyo jicho lake liko ubavuni, si nchani, kwa kuwa chuchu yenyewe imekaa ukutani mwa utumbo. Mwaka 1979 Nib Soehendra wa Hamburg, mzaliwa wa Indonesia, akatangaza namna ya kuacha neli ya plastiki ndani ya mrija uliobanwa na uvimbe, ili nyongo ishuke.

Lakini kongosho, lililo jirani na mrija huo, ni kiungo chenye kisirani: kikiguswa huweza kuvimba, na jambo hilo huwapata watu kama 3 hadi 10 katika kila 100, ijapokuwa dawa ya indomethasini inayotiwa kwa njia ya haja kubwa huipunguza hatari. Kwa hiyo kuitumia njia hii ya endoskopu kwa kutazama tu, ilhali altrasaundi na kipimo cha MRI vyaweza kuonyesha mrija pasipo kuugusa, ni jambo ambalo mgonjwa ana haki ya kulitakia sababu kabla ya kutia sahihi. Ama neli ya plastiki, hiyo yataka kubadilishwa baada ya miezi 3 hivi, na anayeisahau huenda akarejea hospitali na homa.