Je, Taarifa Zinatosha? Uwiano na Wastani Kati ya Mbeya na Iringa



Ubishi mmoja wa mezani ulitufundisha zaidi ya kipindi kizima cha mantiki. Tulikuwa tumetoka kutembelea wagonjwa, na mazungumzo yakafika kwenye VVU katika Nyanda za Juu Kusini. Ndugu mmoja alikumbuka matokeo ya utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023: miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, maambukizi yalikuwa asilimia 11.1 mkoani Iringa na asilimia 9.6 mkoani Mbeya. Kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 4.4, kwa hiyo mikoa yote miwili inatuhusu sana. Akahitimisha: "Basi wanaoishi na VVU ni wengi zaidi Iringa. Wahudumu wa kujitolea wakipatikana, wapelekwe huko." Tukatikisa vichwa kukubali. Kisha sauti moja kutoka mwisho wa meza ikauliza, "Umejuaje?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Asilimia zilikuwa sahihi, lakini hazikuwa zimejibu swali lililoulizwa.

Katika falsafa tunajifunza kutofautisha sharti la lazima na sharti linalotosha. Mvua ni ya lazima kwa mahindi ya mkulima asiye na umwagiliaji, lakini mvua peke yake haimpi mavuno. Katika hesabu kuna maswali yaliyojengwa juu ya wazo hilohilo, na wanaojiandaa kwa mtihani wa GMAT wa kuingia shule za biashara wanayafahamu vizuri. Unapewa swali moja na taarifa mbili. Hutakiwi kutoa jibu la swali. Unatakiwa kusema kama taarifa ya kwanza peke yake inatosha kulijibu, au ya pili peke yake, au zote mbili kwa pamoja, au hata zikiunganishwa bado hazitoshi. Kosa la kawaida ni kuisoma taarifa ya pili huku ya kwanza ikiwa bado kichwani. Kila moja ipimwe ikiwa peke yake kwanza, kama mashahidi wawili wanaohojiwa kila mmoja chumba chake.

Turudi mezani. Swali: wanaoishi na VVU ni wengi zaidi Mbeya au Iringa? Taarifa ya kwanza ni asilimia zile mbili. Hazitoshi, kwa sababu asilimia ni sehemu ya kitu, na hatujaambiwa kitu chenyewe kina ukubwa gani. Taarifa ya pili ni idadi ya watu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,343,754 mkoani Mbeya na 1,192,728 mkoani Iringa. Nayo peke yake haisemi lolote kuhusu maambukizi.

Ziunganishe sasa. Uwiano wa Mbeya kwa Iringa ni karibu 2 kwa 1, na uwiano huo unatutosha bila zile tarakimu ndefu. Mahali Iringa ina watu 100, Mbeya ina 200. Asilimia 11.1 ya 100 ni 11.1, asilimia 9.6 ya 200 ni 19.2. Mbeya ina wengi zaidi, tena kwa mbali. Ndugu yetu angewapeleka wahudumu wote kwenye mkoa wenye wagonjwa wachache. (Haimaanishi Iringa iachwe. Hatari ya mtu mmoja mmoja kule ni kubwa zaidi, ila hilo ni swali jingine.)

Aliyeuliza "umejuaje" hakuridhika hata hapo. Alisema sensa imehesabu mpaka watoto wachanga, wakati asilimia ni za walio na miaka 15 na kuendelea. Pingamizi halali kabisa! Uwiano wa watu wote si lazima uwe uwiano wa watu wazima. Je, tumekwama? Tujiulize uwiano ungepaswa kushuka mpaka wapi ndipo jibu ligeuke. Gawanya 11.1 kwa 9.6, utapata karibu 1.16. Maadamu watu wazima wa Mbeya ni zaidi ya mara 1.16 ya wale wa Iringa, jibu linabaki lilelile. Ili uwiano ushuke kutoka karibu 2 hadi hapo, kama Iringa watu sita kati ya kumi ni wazima, Mbeya wasingefika hata wanne kati ya kumi. Kwa mikoa inayofanana kiasi hiki, hilo halielekei. Tulihitaji tu kujua kwamba uwiano umevuka mstari fulani.

Wastani wa mikoa yote miwili ukiuona kwa jicho hilo hautakusumbua. Wengi hujumlisha 9.6 na 11.1, wakagawa kwa 2, wakapata 10.35. Hiyo ingekuwa sawa kama mikoa ingelingana kwa watu. Kwa uwiano wa 2 kwa 1, Mbeya inahesabiwa mara mbili: 9.6 na 9.6 na 11.1, gawanya kwa 3, unapata 10.1. Huu ndio wastani wenye uzito. Huvutwa kuelekea kwenye wengi. Lakini ukiulizwa tu kama wastani huo unazidi asilimia 9, usihangaike na sensa. Wastani hauwezi kutoka nje ya 9.6 na 11.1, kwa hiyo asilimia peke yake zinatosha. Ukiulizwa kama unazidi 10, hapo uwiano unahitajika, nao usifike 2.75 kwa 1. Taarifa ni zilezile. Swali ndilo limebadilika.

Tahadhari moja kuhusu majina. Sensa ya 2012 iliipa Mbeya watu 2,707,410, zaidi ya ile ya 2022. Watu hawakupungua: mwaka 2016 Songwe ilimegwa kutoka Mbeya ikawa mkoa. Anayechukua idadi ya zamani kuiweka kwenye asilimia mpya anapima mkoa ambao haupo tena.

Jaribuni na hili kwenye jumuiya. Katika kwaya, wastani wa umri wa wanaume ni miaka 30, wa wanawake 24, na wa kwaya nzima 26. Wanawake ni mara ngapi ya wanaume? Zinatosha: 26 iko mbali na 30 kwa miaka 4, na mbali na 24 kwa miaka 2, hivyo wanawake ni mara mbili. Na wanakwaya wote ni wangapi? Wanaweza kuwa 12, wanaweza kuwa 60. Itabidi kumuuliza mwalimu wa kwaya.