Kabla ya Kununua Kihamba chenye Miti Mteremkoni

Ndugu mwananchi, kipande cha ardhi chenye miringaringa na miruka kinapouzwa katika miteremko ya Kilimanjaro, jiridhishe na mambo matatu kabla ya kulipa.

Kwanza, mahali kilipo. Ukanda wa Nusu Maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wanavijiji wapate kuni na majani ya mifugo, uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Hakuna mwenye mamlaka ya kuuuza.

Pili, haki ya muuzaji. Kihamba hurithiwa, na aghalabu kina makaburi ya wazee. Ridhaa ya mwenzi wa ndoa na ya wanaukoo iandikwe. Mipaka ya masale ikaguliwe mbele ya majirani. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, uhamisho wa hakimiliki ya kimila huhitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Stakabadhi ya muuzaji pekee haitoshi.

Tatu, matumizi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Miti hiyo hushika udongo na kulinda chemchemi zinazolisha mifongo yetu. Kabla ya kuikata, muone Afisa Misitu.